Jinsi ya kuchagua na kununua skatingi za nyumba bila kurudi dukani mara tatu

Watu wakishamaliza sakafu ndo wanakumbuka skatingi, na maswali ni yaleyale kila siku, ninunue za mbao au za MDF, zile za plastiki zinadumu kweli, kimo kiwe ngapi, chumba kina mita 15 sasa nichukue pisi ngapi. Nimeyajibu mpaka nimechoka kuandika upya kwa hiyo naweka yote hapa. Soma kwa mtiririko usiruke, hasa hatua ya 6, maana hapo ndo watu wanaumia mfukoni.

Kwa asiyejua, skatingi ni ile mbao (au kigae, au plastiki) inayopita chini ya ukuta pale unapokutana na sakafu. Inaficha pengo, inakinga lipu isimegeke kwa viti na mafagio, na inazuia maji ya deki yasilambe rangi ya ukuta. Basi, nadharia imeisha.

Kabla hujatoka nyumbani uwe na hivi

- Futi ya chuma ya mita 5 au zaidi. Ile ya kushonea nguo inavutika, iache.
- Penseli na karatasi. Simu sawa, ila kwenye karatasi unachora haraka.
- Pima maji ndefu, au ubao wowote ulionyooka wa mita 1 hivi.
- Picha za kona zote, na za milango kwa chini kabisa pale fremu inapogusa sakafu.
- Kama unabadilisha za zamani, bandua kipande kimoja, sentimita 20 zinatosha, uende nacho.
- Mtu wa kukushikia ncha ya pili ya futi. Peke yako unaweza, ila utakosea.

Hatua

1. Angalia sakafu na ukuta kwanza

Kama sakafu haijaisha usinunue kitu. Kimo cha skatingi kinaanzia juu ya sakafu iliyokwisha, sio juu ya zege, na kigae pamoja na gundi yake vinaweza kuipandisha sakafu sentimita 1 na nusu hadi 2, sasa we ulishapima kila kitu ukiwa kwenye zege, soketi ya chini uliyodhani iko mbali unakuta inagusana na skatingi.

Kama sakafu ni ya lamineti au ya mbao zinazoelea (zimelazwa tu, hazijagundishwa chini), fundi ameacha pengo pembeni ya ukuta, mara nyingi milimita 8 hadi 12. Halijasahaulika lile, sakafu inatanuka na kusinyaa na inahitaji pa kuchezea. Pima pengo lako pale lilipo pana zaidi uandike. Skatingi lazima iwe nene kuliko hilo pengo, tena kwa akiba ya milimita kadhaa. Pengo la 12 na skatingi ya 10 ni sakafu inayokuchungulia maisha yote.

Halafu weka ubao ulionyooka chini ya ukuta, utembeze. Ukiona mwanga unapita katikati au ubao unacheza kama bembea, ukuta una tumbo. Kuta nyingi zinalo, usishtuke, ila andika, maana ubao mrefu wa kimo na mnene hauwezi kufuata tumbo, na huo uwazi utaujaza wewe.

Mwisho unyevu. Rangi imevimba chini, kuna unga mweupe kama chumvi, ukuta baridi na mbichi ukiugusa? Tibu hilo kwanza. Skatingi haitibu unyevu, inauficha tu mpaka na yenyewe ioze.

2. Chagua imetengenezwa na nini

Hapa watu wanauliza ipi bora, wakati swali ni inaenda chumba gani.

MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na gundi. Haina vifundo, inakuja imenyooka, laini, na nyingi zinauzwa zimeshapakwa praima (koti la kwanza kabla ya rangi yenyewe), kwa hiyo kwa chumba kikavu ambacho utapaka rangi, sebuleni, chumba cha kulala, korido, mi nachukua MDF bila kufikiria mara mbili. Adui yake ni maji. Ikinywa maji chini inavimba, na ikishavimba hairudi, hata ukiianika wiki nzima, hata ukipiga msasa. Kuna MDF ya kukinza unyevu ambayo mara nyingi ukiikata ndani ina rangi ya kijani, ila usinunue kwa kuangalia kijani peke yake, angalia ilivyoandikwa au muulize muuzaji akuonyeshe. Na kukinza unyevu sio kuogelea, chumba kinachomwagiwa maji kila siku hakiifai hata hiyo. Jingine, vumbi lake likikatwa ni jembamba sana na baya kwa kifua, anayekata avae barakoa na akatie nje.

Mbao halisi laini kama paini inapendeza, ikigongwa inazibika na kupigwa msasa, lakini inataka iwe imekauka vizuri, la sivyo itajipinda ikiwa ukutani tayari. Na vifundo vyake vinatoa utomvu unaopenya rangi, unapaka nyeupe safi, baada ya miezi unaona madoa ya njano kama mtu amebandika sarafu ukutani. Vifundo vinazibwa na dawa yake kabla ya rangi, sio baada. Kama eneo lako lina mchwa uliza zilizotiwa dawa.

Mbao ngumu ni za mtu anayetaka vanishi na kuona mistari ya mti wenyewe. Nzito, zinahitaji kutobolewa kabla ya skrubu, na bei ni ya juu. Kama mwisho wa siku utapaka rangi nyeupe juu yake, hela umetupa.

Plastiki, yaani PVC, ni ya bafuni, kufulia, na popote panapigwa deki ya maji mengi. Nyepesi, zina vifuniko vya kona vya kuchomeka, na zingine zina mfereji ndani wa kupitisha nyaya za tivii na intaneti, hiyo mi naipenda. Ubaya wake ikikwaruzwa huwezi kupiga msasa ikarudi, na inatanuka kwa joto kwa hiyo ukiibana kona kwa kona inaweza kupinda kama upinde. Halafu kuna zile nyepesi kabisa za povu gumu, unazibonyeza kwa kucha inabaki alama. Hizo weka mahali ambapo hakuna fagio, mtoto wala kiti, kama unapajua.

Vigae: kama sakafu ni ya vigae, mara nyingi skatingi inakatwa kwenye kigae kilekile, vipande vya sentimita 8 hadi 10. Hapo hununui skatingi, unanunua vigae vya ziada, na uvinunue siku ileile na vya sakafu kwa sababu mzigo ukibadilika hata rangi inabadilika kidogo, na kidogo hiyo inaonekana.

3. Kimo

Dari la mita 2.4 hivi, skatingi ya sentimita 10 hadi 14.5 inakaa vizuri. Dari la mita 3 linabeba sentimita 15 hadi 20. Chumba kidogo sana, 7 hadi 10.

Sasa angalia vitu viwili ambavyo hakuna jedwali litakukumbusha. Kwanza soketi, pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa kava la soketi iliyo chini kuliko zote. Pili, kama unabandua za zamani, mpya iwe na kimo kilekile au zaidi. Ukishusha hata sentimita 1 utaona mstari wa rangi ya zamani na lipu iliyomegeka umezunguka chumba kizima, ukuta wote unarudiwa.

Hujui utapenda kimo gani? Kata boksi la karatasi vipande vya 10, 12 na 15, bandika ukutani kwa selotepu ya karatasi, kaa nao siku mbili. Ni bure.

4. Unene

Nyingi zina milimita 15 hadi 18. Kosa linaloonekana sana liko mlangoni. Ile mbao inayozunguka fremu ya mlango, skatingi inakuja kuishia ubavuni mwake. Skatingi ikiwa nene kuliko ile mbao, ncha yake inatokeza na unaiona kila unapoingia, na suruali inakwama hapo. Kwa hiyo pima unene wa mbao ya mlango, skatingi iwe sawa nayo au nyembamba zaidi. Ukikuta pengo la sakafu linadai skatingi nene na mlango unadai nyembamba, kinachobadilishwa ni mbao ya mlango, au unaweka kijiti kidogo cha mviringo chini mbele ya skatingi kufunika pengo.

Jua pia kabati halitagusa ukuta tena, litasimama mbele kwa unene wa skatingi.

5. Shepu

Bapa, bapa iliyoviringwa juu, iliyokatwa mshazari juu, au zile zenye mawimbi na mifereji. Mi ushauri wangu ni mfupi, kadiri mawimbi yanavyoongezeka ndo vumbi linavyopata pa kukaa na ndo kona zinavyokuwa ngumu kukutana. Kama utajifungia mwenyewe chukua iliyo rahisi. Na uchukue shepu ambayo duka zaidi ya moja linayo, utakuja kuhitaji pisi moja siku moja.

6. Pima ukuta kwa ukuta, sio chumba kizima

Hii ndo hatua niliyosema usiruke. Watu wanajumlisha mita zote, wanagawa kwa urefu wa pisi, wanaenda dukani. Nilifanya hivyohivyo mara ya kwanza na nikapungukiwa, nikarudi baada ya wiki mbili, mzigo mpya ulikuwa na mkunjo tofauti kidogo juu, nikaweka nyuma ya sofa na mpaka leo sofa halihami.

Chora chumba ukiangalia kutoka juu. Kila ukuta upe herufi. Pima kila ukuta pale chini, sio usawa wa kiuno, maana juu na chini vinatofautiana. Mlango toa pamoja na mbao zake za pembeni.

Chukua mfano, chumba cha mita 4.2 kwa 3.6. Mlango uko ukuta D na unakula 0.9, unabaki na kipande cha 2.3 upande mmoja na 0.4 upande mwingine. Jumla ya vyote mita 14.7. Dukani kuna pisi za mita 3. Kikotoo kinasema 14.7 gawa kwa 3 ni 4.9, kwa hiyo pisi 5. Sasa kata kwenye karatasi:

- Ukuta A, 4.2: pisi nzima na kipande cha 1.2
- Ukuta B, 3.6: pisi nzima na kipande cha 0.6
- Ukuta C, 4.2: pisi nzima na kipande cha 1.2
- Ukuta D: 2.3 na 0.4

Pisi tatu zimeenda nzima. Ya nne inatoa 1.2 na 1.2, inabaki 0.6, ukasema aa safi ndo ile ya ukuta B. Haitoshi! Msumeno unakula karibu milimita 3 kila unapopita, na maungio ya katikati ya ukuta yanakatwa mshazari vipande vilaliane, na mshazari nao unakula. Ya tano inatoa 2.3 na 0.4 kinabaki kijipande cha 0.3. Kwa hiyo ni pisi 6, na bado una maungio matatu katikati ya kuta.

Hesabu hiyohiyo kwa pisi za mita 4.4: A pisi moja, C pisi moja, B pisi moja na mabaki yake yanatoa ile 0.4, D inatoka ya nne. Pisi 4, hakuna ungio hata moja, na umebaki na mita 2 na ushee za akiba. Mita ulizonunua ni 17.6 badala ya 18. Ndo maana nasema uliza urefu wa pisi KABLA ya kuuliza bei ya mita.

Kona zinazotokeza nje, mfano nguzo, kipande kinakuwa kirefu kuliko ukuta kwa sababu kinazunguka unene wa mwenzake, kila kipande cha hivyo ongeza sentimita 5 kwenye orodha. Ukimaliza orodha ongeza asilimia 10 ya makosa, nyumba yenye kona nyingi 15.

7. Omba kipande cha mfano

Maduka mengi yana vipande vifupi vya kuonyesha, omba au nunua kimoja. Kiweke chini ukutani, simama mlangoni uangalie, kisha usiku na taa. Kiingize karibu na mbao ya mlango uone unene. Dukani kiko usawa wa macho na kila kitu kinapendeza usawa wa macho, nyumbani utakitazama kutoka juu.

8. Kagua pisi mojamoja

Usiache mtu akufungashie. Shika pisi, weka ncha moja jichoni kama unalenga bunduki, tazama mpaka mwisho. Kupinda kidogo kuelekea ukutani kunavutwa na skrubu. Kupinda kwenda juu au chini hakuvutwi na chochote, na iliyojisokota kama kamba rudisha palepale.

Kisha:

- Weka pisi mbili ncha kwa ncha, pitisha kidole. Ukihisi ngazi, ni mizigo tofauti, chagua zinazolingana.
- Angalia ncha na kingo za MDF, zinagongwa wakati wa kupakuliwa. Ncha iliyopasuka sentimita 10 ni sentimita 10 ambazo huna.
- Kwenye paini, kifundo kinachocheza ukikibonyeza kitadondoka.
- Uliza praima au rangi kamili. Nyeupe ya praima inadanganya, imefanana na iliyokwisha ila itachafuka mapema, bado inataka makoti ya rangi.
- Uliza kama pisi nzima zisizotumika zinarudishwa, na utunze risiti.

9. Kubeba na kulaza

Pisi ya mita 4.4 haiingii gari dogo na inaweza kugoma kona ya ngazi. Pima ngazi kabla. Kama duka linakata, wakukatie kwa orodha yako ya hatua ya 6, uache sentimita kadhaa kila kipande, vipimo vya mwisho vinakatiwa nyumbani.

Ukifika zilaze chini bapa ndani ya chumba zitakamofungwa, zikiwa juu ya vijiti vingi. Ukizisimamisha ukutani wiki moja zinapinda zenyewe. Mbao na MDF zipe angalau saa 48 zizoee hali ya chumba.

10. Nunua na vya kufungia kwa safari hiyohiyo

Gundi ya kushika ukutani kama ukuta umenyooka, skrubu na plagi zake (vile vya plastiki vinavyoingia kwenye tundu la ukuta) kama una tumbo, fila ya kuzibia vichwa vya skrubu, msasa laini, na mpira wa akriliki wa kuziba mstari wa juu. Akriliki, sio silikoni, silikoni haishiki rangi, utapaka na itakukimbia. Kabla ya kutoboa hakikisha unajua mabomba na nyaya zinapopita, chini ya soketi hasa. Na gundi ipakwe upande wa ukuta tu, ukiigundisha skatingi kwenye sakafu inayoelea umeifunga sakafu miguu.

Mambo yameharibika, nifanyeje

*Nimeshanunua na ni nene kuliko mbao ya mlango.* Kama hujakata rudisha. Kama umekata, ile ncha inayogusa mlango ikatwe mshazari kuelekea ukutani ilale, haitatokeza kwa ukali. Sio kama kulingana ila inaonekana ya makusudi.

*Kuna uwazi chini, sakafu haijanyooka.* Uwazi mdogo ziba. Mkubwa, laza skatingi mahali pake, buruta penseli juu ya kijiti kinacholala sakafuni ili mstari ufuate mabonde, kisha randa mpaka kwenye mstari. Ndo maana kwenye sakafu mbaya unanunua kimo cha ziada.

*Kona ya ndani haifungi hata nikikata nyuzi 45.* Kona yako sio ya nyuzi 90, karibu hakuna iliyo kamili. Acha ubao mmoja uende mpaka ukutani, wa pili uuchonge ncha ufuate shepu ya wa kwanza.

*MDF inapasuka nikipiga skrubu karibu na ncha.* Toboa kwanza, na sogea ndani sentimita 5 hivi.

*Nyumba ya zamani, hakuna duka lenye shepu yangu.* Peleka kile kipande ulichobandua kwa seremala mwenye mashine ya kuchonga, anaweza kutoa ileile. Ikiwa ni pisi mbili tu gharama ya kuandaa kisu itakuuma, bora ubadilishe chumba kizima hicho na zile za zamani uzihifadhi za kurekebishia vyumba vingine.

*Imevimba chini tayari.* Kata hicho kipande utoe, tafuta maji yanatoka wapi, ndo uweke kingine. Usipake rangi juu ya uvimbe, nimejaribu, unaonekana zaidi.